Ngozi Kupauka na Magaga ya Miguu: Yaliyotufunza Safari ya Embu na Meru



Ndugu msomaji, baada ya kumhimidi Allah (S.W.T.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii safu yetu inaondoka pwani na kupanda bara, hadi kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Wako miongoni mwa wasomaji wetu wenye watoto katika Chuo Kikuu cha Embu, katika Chuka, na katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Wako pia waliohamia huko kwa ualimu, kazi ya serikali au biashara. Kila baridi inapoingia hutufikia lalamiko lile lile: ngozi inapauka, inawasha, midomo inapasuka, visigino vinafanya nyufa. Tulikuwa tukiliona ni jambo dogo la mapambo. Safari ya Julai iliyopita ilitutoa katika dhana hiyo, na tunaona ni haki kueleza ilivyokuwa, hata pale ambapo maelezo yenyewe hayatusifu.

Tulialikwa nikahi mjini Meru. Njiani tulilala Embu, tukapata wasaa wa kumjulia hali binti wa dada yetu anayesoma huko. Alipokuja kutusalimu alikuwa amejifunika ushungi mpaka karibu na macho. Tulidhani ni stara tu, mpaka alipoufungua kidogo ili anywe chai. Mashavu yalikuwa mekundu, yamebabuka, na ngozi ya kando ya mdomo imeinuka kama ganda la kitunguu.

"Mjomba, huku maji ni barafu," alituambia, "basi mimi huoga ya moto sana, asubuhi na jioni, nikajisugua kwa dodoki mpaka ule unga mweupe utoke. Usipotoka wenzangu hunicheka kuwa napauka."

Tukamuuliza ajipaka nini. Akatoa kwenye mkoba kikopo kidogo kisicho na jina la kiwanda wala orodha ya viungo, alichouziwa sokoni kwa maneno kwamba hulainisha ngozi na kuitakasa. Tukamsihi akiweke kando kwanza, tukaendelea na safari: tukavuka mto Thuci, tukapita Chuka na Nkubu, tukaingia Meru magharibi imekaribia.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Kiamu aliyeishi Meru zaidi ya miaka 30 akiuza nguo. Sisi humwita Ami. Nyumba yake iko karibu na msikiti kiasi kwamba adhana huisikia pasina kipaza sauti. Alfajiri tukaamka, tukamsubiri, hakutoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Baada ya chai ya asubuhi tukaona ni wajibu wetu kunasihi. Tukamkumbusha fadhila za jamaa, thawabu za hatua ziendazo msikitini gizani, na kwamba jirani wa msikiti ana deni zaidi ya aliye mbali. Tulisema kwa adabu, lakini tulisema mengi. Ami alinyamaza, akaitikia, "Kweli, sheikh wangu," akabadilisha mazungumzo.

Usiku ule tulikuwa naye chumbani, akavua soksi. Kwenye shuka jeupe, upande wa miguuni, palikuwa na madoa ya damu. Tukamuuliza. Akasema kwa sauti ya chini:

"Majuma mawili nyuma niliinuka kwenye sijda, nikageuka, nikaona alama ya damu juu ya busati la msikiti. Ni kisigino changu. Niliipangusa kwa ncha ya kanzu kabla watu hawajaiona. Tangu siku ile naswali nyumbani."

Tuliishiwa na maneno, baada ya yale mengi ya asubuhi. Tukaleta taa. Kisigino cha kulia kilikuwa na magaga matatu, naye alishtuka tulipokigusa. Cha kushoto kilikuwa na ufa mmoja, mpana kuliko yote, kingo zake zimefanya weusi. Huo hakuuhisi. Tuliugusa mara mbili, na mara zote mbili alikuwa akiendelea kuzungumza kana kwamba hatukumgusa. Tulipata hofu, ijapokuwa wakati huo hatukujua sababu yake. Tutairudia.

Kwa nini ngozi hukauka

Wengi hudhani ngozi hukauka kwa kukosa maji. Kwa hakika hukauka kwa kukosa kinachoyazuia maji yasitoke. Ngozi ya juu kabisa imejengwa kama kuta za nyumba zetu za kale za pwani: mawe ya matumbawe, na katikati yake chokaa. Mawe ni seli zilizokufa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Chokaa ni mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza na kuyaweka baina ya seli hizo. Chokaa ikiwa nzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo, wala uchafu na vijidudu haviingii. Chokaa ikibanduka, maji hupotea hewani, seli husinyaa, na kingo zake huinuka. Hizo kingo zilizoinuka ndizo tunazoziona juu ya ngozi nyeusi kama unga mweupe. Si uchafu, kwa hiyo hauondoki kwa kusugua. Kusugua huondoa chokaa iliyobaki.

Mtu wa pwani hana habari na haya kwa sababu hewa ya bahari imejaa mvuke. Akipanda bara, mambo hugeuka. Embu uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Meru takriban mita 1,500. Hewa yenye joto la digrii 30 huweza kubeba kiasi cha gramu 30 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Hewa ya digrii 10 haifikishi gramu 10. Msomaji wa Meru huenda akasema: mbona Julai kwetu ni ukungu na manyunyu, hewa itakuwaje kavu? Jibu ni kwamba ukungu ni hewa baridi iliyoshiba kwa kile kidogo inachoweza kubeba. Ikigusa mwili wenye joto nayo hupata joto, ikaona kiu upya, ikayavuta maji ya ngozi. Kisha zinapokwisha mvua za mwisho wa mwaka, Januari na Februari huja na jua kali, upepo na vumbi. Anayeteremka upande wa Mbeere, kama Siakago na Kiritiri, hukutana na joto na ukame zaidi.

Juu ya hali ya hewa huongezeka matendo yetu. Maji ya moto sana huyeyusha mafuta ya ngozi, kama vile yanavyoyeyusha samli iliyoganda kwenye sufuria. Sabuni ya kipande ni kali kwa ngozi, ambayo kwa maumbile yake ina uchachu kidogo. Sabuni za dawa na zenye manukato makali huzidi. Sabuni ya unga ya kufulia isiposuuzwa vizuri hubaki kwenye nguo na kuwasha mwili kutwa. Umri nao una sehemu yake: mtu anapozeeka, mafuta ya ngozi hupungua, ndiyo maana wazee wetu huwashwa miguu na mgongo wakati vijana wa nyumba ile ile hawana habari.

Kuoga kabla ya kujipaka

Dawa ya kwanza haiuzwi. Oga maji ya uvuguvugu, yasiyotoa mvuke mwingi, na usikae muda mrefu. Dakika 5 hadi 10 zatosha. Sabuni iwe kwapani, sehemu za siri za nje, na miguuni. Mikono, mapaja na mgongo wa mtu asiyefanya kazi ya uchafu hutosheka na maji kila siku na sabuni mara chache. Dodoki liwekwe kando mpaka ngozi ipone. Kisha jikaushe kwa kugusagusa na taulo, bila kujifuta kwa nguvu, na ujipake mafuta wakati ule ule ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaongezi maji mwilini. Kazi yake ni kufunga mlango ili maji yaliyomo yasitoke. Ukingoja mpaka ukauke kabisa, ukavaa, ukanywa chai, ndipo ukakumbuka mafuta, umefunga mlango maji yamekwisha kwenda zake.

Kunywa maji ni kwema, hasa kwa kuwa baridi humsahaulisha mtu kiu. Lakini asidhani mtu kwamba jagi la maji litaponya ngozi aliyoiunguza kwa maji ya moto.

Mafuta gani?

Mafuta ya nazi, ambayo mama zetu walitulea nayo, yanastahili sifa zake. Mwaka 2004 watafiti wa Ufilipino walichapisha matokeo ya kuyalinganisha na mafuta ya madini kwa wagonjwa 34 wa ngozi kavu kwa muda wa wiki mbili. Yote mawili yalisaidia, wala mafuta ya nazi hayakuachwa nyuma. Jambo moja wapate kulijua wanaoyabeba kwenda bara: mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya digrii 24 hivi. Binti yetu wa Embu alikuwa amepewa chupa nzima na mama yake, akaikuta imeganda nyeupe asubuhi ya kwanza, akadhani yameharibika, akayatupa. Ndipo akaenda kununua kile kikopo. Tieni katika chombo chenye mdomo mpana. Akichota kidogo na kukisugua viganjani, huyeyuka papo hapo.

Wenyeji wa miteremko ya Mlima Kenya nao hawakuwa wajinga wa ngozi zao. Tangu zamani wazee wa huko walijipaka mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya mbono au nyonyo, pamoja na mafuta ya kondoo. Mafuta ya mbarika ni mazito, hushika vizuri kwenye viwiko, magoti na visigino. Anunue yaliyokwisha kukamuliwa kwa utaratibu. Mbegu zenyewe zina sumu kali, zisiachwe mahali pa watoto. Leo Embu na Meru hulimwa pia makadamia na parachichi, na mafuta ya matunda hayo mawili ni mazuri kwa ngozi, ila bei yake si ya kila mtu. Asiye na uwezo asione haya kutumia mafuta ya mgando ya dukani yasiyo na manukato: ni rahisi, na kwa kuzuia maji yasitoke hayana mpinzani.

Asali ya Mbeere na Tharaka ina sifa, na asali kwa tabia yake huvuta unyevu. Ipakwe nyembamba juu ya sehemu iliyokauka kwa robo saa, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, kisha yafuate mafuta. Utomvu mweupe wa ndani wa mshubiri hupoza ngozi iliyobabuka. Maji yake ya manjano, yatokayo karibu na ganda, yaachwe yachuruzike kwanza kwa kuwa huwasha. Huo nao haufungi mlango. Mafuta lazima yafuate. Ama liwa na singo za kwetu ni za joto la pwani. Unga ukikaukia juu ya ngozi ambayo tayari ni kavu, huizidishia ukavu. Bibi harusi wa Meru asisuguliwe singo mwezi wa Julai kama anavyosuguliwa wa Mombasa mwezi wa Machi. Na ndimu, magadi na dawa ya meno visikaribie ngozi kavu kabisa.

Limebaki suala la mafuta ya zaituni, na hapa tunajua wasomaji watatuangalia kwa makini. Mtume (S.A.W.) amehimiza kuyala na kujipaka, na baraka yake haina shaka. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha utafiti mdogo kwa watu wazima, wakaona kwamba zaituni yakipakwa peke yake mara kwa mara yalidhoofisha ule ukuta wa ngozi, wakati mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo. Je, haya yanapingana? Sisi hatuoni hivyo. Himizo ni mlango wa kheri, si amri kwamba kila ngozi, ya mgonjwa na ya mzima, ipakwe mafuta hayo hayo kila siku. Tabibu akimkataza asali mgonjwa wa sukari, hakuna anayesema amepinga utukufu wa asali. Basi anayejipaka zaituni na akaona nafuu, aendelee na kumshukuru Mola wake. Ambaye ngozi yake imebabuka, na mtoto mchanga hasa mwenye pumu ya ngozi, atumie mafuta mengine, na zaituni yaende mezani.

Marhamu ya magaga

Kwa visigino, mafuta peke yake hukimbia mapema. Chukua nta ya nyuki sehemu moja na mafuta ya nazi au ya ufuta sehemu nne. Weka katika bakuli, na bakuli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, mpaka nta iyeyuke. Koroga, mimina katika kopo safi, acha igande. Usiku, loweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, kausha mpaka baina ya vidole, paka marhamu, vaa soksi za pamba, lala. Usikate ngozi ngumu kwa wembe. Fanya hivyo kila usiku, na kwa magaga ya kawaida utaona tofauti baada ya wiki moja au mbili.

Mwenye ugonjwa wa sukari, au mwenye sehemu ya mguu isiyohisi, asiloweke wala asisugue kwa jiwe. Huyo aanzie hospitali.

Je, udhu unasihi?

Ami alituuliza masuala matatu usiku ule, nayo ni masuala ya wengi.

La kwanza: mafuta mwilini huzuia udhu? Kwa madhehebu yetu ya Shafi, na hivi ndivyo alivyoeleza Imam Nawawi katika Majmuu, mafuta yaliyoingia ngozini au yaliyoacha mng'ao tu hayazuii, maadamu maji yameipita ngozi, hata kama hayakutulia juu yake. Kinachozuia ni kitu chenye tabaka linaloifunika ngozi. Nta iliyojazwa katika ufa wa kisigino ni ya namna hiyo, na pia hina ikiwa bado donge. Rangi ya hina peke yake haina neno. Kwa hiyo marhamu yetu hupakwa baada ya Isha na huoshwa alfajiri, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo visiginoni tu. Tunakumbuka namna Mtume (S.A.W.) alivyowaonya vikali walioacha visigino vyao vikavu katika udhu. Basi kisigino kina haki mbili: kifikiwe na maji, na kisiachwe kipasuke.

La pili: damu ya magaga hubatilisha udhu na swala? Katika madhehebu yetu damu itokayo jerahani haivunji udhu, na damu ya jeraha la mtu mwenyewe husamehewa maadamu hakuitoa kwa makusudi wala haikuenea kwa wingi nje ya mahali pake. Swala ya Ami ilikuwa sahihi. Kilichobaki ni heshima ya busati la msikiti, nayo huhifadhiwa kwa kufunga kitambaa safi na kuvaa soksi. Alipolisikia hilo alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo kitambo.

La tatu: baridi ya maji. Mwenye uwezo wa kupasha maji moto apashe, wala si unyonge wa imani. Asiye na uwezo huo, naye akachelea madhara ya kweli, ana ruhusa ya kutayamamu kwa masharti yake, amuulize mwanazuoni aliye karibu. Na mwenye miguu isiyo na kidonda ana rukhsa nyingine tuliyoisahau pwani kwa kuwa hatuihitaji: khuffu za ngozi. Akizivaa baada ya udhu kamili, hupangusa juu yake badala ya kuosha miguu, mchana mmoja na usiku wake kwa mkaazi, siku tatu kwa msafiri. Imewekwa kwa ajili ya wanaohangaika na miguu yao.

Dalili zisizongoja

Sasa tunarudi kwenye ule ufa usiouma. Asubuhi yake tulimpeleka Ami hospitalini pamoja na mwanawe. Alipimwa, ikabainika kuwa ana sukari, na huenda amekuwa nayo miaka mingi bila kujua. Daktari alitueleza kwamba sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mguu huacha kutoa jasho, hukauka na kupasuka, na wakati huo huo hupoteza hisia. Mtu hutembea na kidonda asikijue, uchafu ukaingia, na wapo waliokatwa mguu kwa njia hiyo. Kisigino kilichomuuma Ami kilikuwa na nafuu. Kilichonyamaza ndicho kilichokuwa hatarini.

Basi nenda hospitali, usibaki na mafuta, ukiona haya: ngozi kavu pamoja na kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, ngozi kavu pamoja na uchovu, kuhisi baridi kuliko wenzako na kuongezeka uzito, muwasho wa usiku unaowapata watu wa nyumba nzima, hasa baina ya vidole, kwani huo ni upele na hutibiwa nyumba nzima kwa pamoja, duara lenye kingo zilizoinuka, baka lililofifia lisilohisi kuguswa, ufa unaotoa usaha au harufu, na mtoto ambaye muwasho haumpi usingizi. Meru na Embu zote mbili zina hospitali za rufaa. Hakuna haja ya kungoja mpaka mtu ashuke Mombasa.

Na kuhusu kile kikopo cha binti yetu. Krimu za mkorogo huwa na mojawapo ya vitu vitatu: zebaki, ambayo hudhuru figo; haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha madoa meusi ya samawati yasiyotoka; au dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo hukondesha ngozi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Kenya, lakini vikopo visivyo na jina havisomi sheria. Aliyekwisha kuvitumia asione aibu kumwonyesha daktari kikopo chenyewe, maana kuacha ghafla nako kwaweza kuifanya ngozi iwake, na apate mwongozo wa namna ya kuacha. Binti yetu alikwenda. Sasa huoga maji ya uvuguvugu, hujipaka mafuta ya nazi angali na unyevu, na ushungi wake umerudi mahali pake pa kawaida.

Ami alifungwa dawa kidondani kwa muda wa majuma mengi, akaanza matibabu ya sukari, na mguu wake, Alhamdulillah, umesalimika. Mwezi uliopita mwanawe alitupigia simu baada ya alfajiri. Alisema wametoka msikitini pamoja, na kwamba mzee amemwagiza atuambie kuwa busati halina alama.

Tulifurahi, na tuliona haya. Tulikuwa tumekaa na mtu siku mbili, tukampa nasaha ndefu juu ya jambo alilokuwa akilitamani kuliko sisi, na hatukumuuliza hata swali moja. Lau tusingeona shuka, tungerudi Mombasa tukisema Ami amelegea katika dini. Tunamwomba Allah atusamehe, na tunamshukuru Ami ambaye hakuturudishia maneno yetu.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii, wakati wa kuoga na kukata kucha, mtazame miguu mzazi wako au mzee wa nyumbani kwako. Tazama visigino, baina ya vidole, na nyayo. Mguse, umuulize kama anahisi. Kama yuko Embu au Meru nawe uko pwani, mpigie aliye naye amtazame kwa niaba yako. Kisha muwekee maji ya uvuguvugu, na mafuta karibu na mkono wake.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atujaalie kuwa wenye kuuliza kabla ya kunasihi. Amin.